Mhariri, mbona mmekata jina la mchapaji?

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na timu nzima. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa sanaa, ile ya mabango ya kizamani ya michezo ya kuigiza ya Uingereza na vijana wetu wa grafiki wanaoiga staili hiyo kwenye kadi za harusi na matangazo ya matamasha. Makala yenyewe siikatai, nimeisoma yote na wajukuu nimewaonyesha, ila kuna vitu viwili vimenikaa rohoni, manake mimi hiyo kazi ya kupanga herufi za madini ya risasi kwa mkono nimeifanya ujanani kwenye kiwanda cha chapa cha misheni, mpaka kompyuta zilipokuja kutufukuza.

Cha kwanza ni picha. Lile bango la London mlilolitoa, refu jembamba lile, mmelikata chini. Najua ilivyo, nafasi ya ukurasa ilikuwa ndogo na tangazo la benki lilikuwa linasubiri hapo chini, basi mtu wa leyauti akachukua mkasi wake wa kompyuta akaondoa ile mistari midogo midogo ya mwisho akidhani haina kazi. Jamani. Hiyo mistari midogo ndo bango lenyewe! Hapo ndo huwa pana bei za viti, saa ya milango kufunguliwa, yale maneno ya "hakuna kurudisha pesa" (kumbe waandaaji wa shoo hawakuanza juzi), salamu ya Kilatini kwa mfalme, halafu chini kabisa kwa herufi ndogo kuliko zote jina la mchapaji na mtaa wake.

Na lile jina hakuliweka kwa kujisifu. Mwaka 1799 serikali ya Uingereza ilikuwa imeingiwa na hofu, Ufaransa kumeshapinduliwa, mfalme wao kakatwa kichwa, na London kuna vikundi vya siri vinachapisha vikaratasi vya uchochezi, basi bunge likapitisha sheria kwamba kila karatasi inayochapwa iwe na jina na anwani ya aliyeichapa, ukikaidi faini pauni 20 kwa kila nakala. Kila nakala, sio kila kazi! Piga hesabu mtu ametoa mabango mia tatu ya kichekesho cha usiku mmoja. Ndo maana hata kikaratasi cha onyesho la mbwa wanaocheza utakuta chini kimesainiwa vizuri kabisa. Sheria ya kuwabana wachochezi ikaishia kututunzia majina ya mafundi ambao kwa njia nyingine yoyote yangepotea, na nyie mkaja mkayakata.

Sasa mtaniuliza, jina la mchapaji linamsaidia nini msomaji wa leo? Linasaidia sana, kwa sababu mengi ya mabango haya hayana mwaka. Yana siku na tarehe basi, "Jumatano, Aprili 10", mwaka wa nini wakati onyesho ni leo jioni na kesho karatasi inafungiwa samaki? Kwahiyo anayelitafiti leo inabidi apige hesabu ya kalenda, Jumatano ya tarehe 10 Aprili imeangukia 1822, ikarudi 1833, halafu 1839, halafu 1844, sasa lipi? Hapo ndo unashuka chini ya karatasi. Salamu ya Kilatini ikisema aishi mfalme ujue ni kabla ya Juni 1837, ikisema aishi malkia basi Victoria ameshakaa kwenye kiti. Anwani ya mchapaji nayo inakaza, huyu alihamia mtaa mwingine, huyu alikufa biashara ikachukuliwa na mwanawe, na bei za viti nazo zilikuwa zinabadilika. Kwa bei hizo watu walipigana kabisa, ukumbi wa Covent Garden wa London ulipofunguliwa upya Septemba 1809 baada ya kuungua walipandisha boksi (vile vijumba vya pembeni vya wenye pesa) kutoka shilingi 6 mpaka 7 na viti vya chini kutoka shilingi 3 na nusu mpaka 4, watazamaji wakazomea, wakapiga kengele na matarumbeta humo humo ndani usiku baada ya usiku, zaidi ya miezi miwili, mpaka meneja John Philip Kemble akasalimu amri na viti vya chini vikarudi bei ya zamani. Hiyo nusu shilingi ambayo watu waliikosea usingizi iko wapi kwenye bango? Chini. Mlipokata.

Cha pili ni maneno ya mwandishi wenu kwamba wachapaji wa enzi ile walichanganya herufi za kila aina "kwa kupenda mapambo". Hapana bwana. Huyu hajawahi kusimama mbele ya kesi ya herufi, lile sanduku la vyumba vyumba tunamowekea herufi, akiwa na saa mbili tu za kumaliza kazi.

Ngoja nieleze ilivyo. Herufi za risasi kila moja ni kipande cha chuma kimesimama peke yake na uso wake umegeuka kama kwenye kioo, unazichomoa moja moja kwenye kesi unazipanga kwenye stiki, kile kijitreyi cha mstari unachokishika mkono wa kushoto, ukimaliza mstari unauhamisha, mistari yote ikishatimia unaizungushia fremu ya chuma na kuikaza kwa kabari pande zote mpaka ukiinyanyua hakuna kinachodondoka. Ili ikaze, kila mstari lazima uwe na upana sawasawa na mwenzake, sio "karibu sawa", sawa kabisa, la sivyo mstari mfupi unalegea na herufi zake zinamwagika sakafuni, na anayeziokota ni wewe. Sasa meneja wa ukumbi amekuletea karatasi ya mwandiko mbovu, mchezo wa leo OTHELLO, herufi saba. Unazijazaje upana wote wa karatasi na ndo jina linalotakiwa kuonekana kutoka ng'ambo ya mtaa? Unachukua zile nene pana, zile mshumbi. Mstari unaofuata THE MERCHANT OF VENICE, hizo nene hazitoshi hata nusu ya jina, unachukua nyembamba ndefu zilizobanwa. Kesho yake ni jina lingine, herufi zingine. Kwahiyo ule mchanganyiko mnaouita mapambo umezaliwa na upana wa karatasi, ni hesabu ya mstari na mstari.

Halafu kuna umaskini wa kesi. Kiwanda kidogo cha miji ya Uingereza kama Rochdale au Exeter hakikuwa na herufi kubwa za kutosha za aina moja, unaweza kuwa na E kubwa tatu tu na jina la mchezo linataka nne, unafanyaje, unaingia kwenye kesi ya aina nyingine mstari mzima. Mimi mwenyewe nimeshawahi kupanga tangazo la mechi ya kijiji kwa aina tano za herufi na watu wakanisifia ubunifu, nikanyamaza tu.

Siwakatalii kwamba soko nalo lilisukuma. Karne ile watengeneza herufi wa London walikuwa wanashindana kama wauza vitunguu wa sokoni, kila mmoja anapaza sauti kumzidi jirani, Robert Thorne akatoa herufi nene za tumbo mwanzoni mwa miaka ya 1800, Vincent Figgins akaja na zile zenye miguu (vile vistari vya kwenye ncha za herufi) mizito ya mraba, William Caslon wa nne mwaka 1816 akaweka kwenye katalogi yake herufi zisizo na miguu kabisa. Mwaka 1845 kiwanda cha Fann Street cha Robert Besley kikatoa herufi iitwayo Clarendon na wakaisajili kisheria, ulinzi wa miaka mitatu basi, ilipoisha tu kila mtu akaikopi. Wenye viwanda vya chapa walinunua kwa sababu mabango yalibandikwa ukutani yakigombania macho na matangazo ya dawa za minyoo na bahati nasibu.

Ila kuna kikomo cha risasi. Herufi ya risasi ikiwa kubwa sana inakuwa mzigo, uso wake unapopoa unaingia bonde na bei yake haishikiki. Hapo Mmarekani Darius Wells wa New York akaja na mashine ya kuchonga herufi za mbao mwaka 1827, mwaka unaofuata akatoa katalogi yake ya kwanza, kisha 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, kile chombo ambacho ncha moja inafuata mchoro na ncha nyingine inachonga nakala yake kubwa au ndogo, kwahiyo ukishakuwa na mchoro mmoja unaweza kuinenepesha herufi au kuibana upendavyo. Mbao ngumu, nyepesi, bei nafuu, na ukubwa wa kiganja ukitaka. Toka hapo mabango yakaanza kuwa marefu mno, mengine ya katikati ya karne ni karatasi mbili zimeunganishwa, kila tukio la mchezo limeelezwa, meli inazama, mlima unalipuka, farasi wa kweli jukwaani, yaani ukimaliza kulisoma hela ya kiingilio unaona kama unaweza kuitunza.

Kitu kingine ambacho makala haikugusa ni mwendo wa kazi. Kumbi za enzi zile zilikuwa zinabadilisha mchezo karibu kila usiku, na usiku mmoja kulikuwa na mchezo mkubwa halafu kichekesho cha kufungia, na wanaochelewa wanaingia nusu bei mnamo saa tatu usiku. Kwahiyo bango la kesho linapangwa leo. Mafundi waliacha sehemu ya juu yenye jina la ukumbi na sehemu ya chini yenye bei zimekazwa vile vile, wakabomoa na kupanga upya pale katikati tu. Zikitoka mashineni zinakimbizwa mbichi, nyingine zibandikwe, nyingine zikauzwe mlangoni na akina mama wauza machungwa, na wino ulikuwa unabaki kwenye glavu nyeupe za mabibi wa kwenye boksi, kero iliyolalamikiwa miaka nenda rudi. Miaka ya 1860 muuza manukato Eugene Rimmel akaona mwanya, akaanza kutoa programu ndogo za kukunja zinazonukia marashi na tangazo lake humo ndani. Mabibi wakafurahi. Bango refu la mkononi likaanza kufa kidogo kidogo, na la ukutani likaja kumezwa na picha za rangi za litografia, yaani za kuchapwa kwa jiwe.

Sasa nirudi kwenye ile hoja ya mkasi, na safari hii twende Washington. Ijumaa tarehe 14 Aprili 1865, Ford's Theatre, mchezo ni Our American Cousin, usiku wa mapato ya Laura Keene, yaani pesa za mlangoni usiku huo ni zake mwigizaji mkuu. Asubuhi kazi ya chapa inaendelea kwa H. Polkinhorn & Son, mtaa wa D, mara habari inaletwa ukumbini kwamba Rais Lincoln atakuja. Mashine ikasimamishwa, ikaongezwa aya ya wimbo wa kizalendo kuwaenzi askari, maana vita ndo vilikuwa vinaisha, kisha mashine ikaendelea. Kwahiyo bango halisi la usiku ule lipo la namna mbili, lisilo na wimbo na lenye wimbo, na yote mawili ni ya kweli. Jioni ile John Wilkes Booth akampiga Rais risasi humo humo ukumbini.

Mnajua kilichofuata? Biashara. Kila mtu Marekani alitaka karatasi ya usiku ule, na zikachapwa nyingine nyingi baada ya tukio. Bawabu wa ukumbi mwenyewe, John Buckingham, aliuza nakala za ukumbusho. Miaka ikapita, nakala zikazeeka, karatasi zikageuka njano, na watu wakaanza kuziuza kama halisi kwa bei za kutisha. Zimetenganishwaje? Kwa macho ya mpanga herufi! Mwaka 1937 Walter C. Brenner alichambua mabango hayo herufi kwa herufi, aina ipi imetumika mstari upi na imekaaje, manake herufi zikishakazwa kwenye fremu zinakaa hivyo hivyo kwa kila karatasi inayotoka, iliyovunjika pembeni inatoka imevunjika mara zote, nafasi kati ya neno na neno ni ile ile. Anayeiga miaka kumi baadaye kwenye kiwanda kingine hawezi kuwa na kesi ile ile yenye makovu yale yale. Ule "uchafu" ambao kijana wa kompyuta anauongeza leo kwa kubofya kitufe ili dizaini ionekane ya kizamani, kwa wenzetu ulikuwa alama ya vidole.

Na nadhani hapa kuna jambo letu pia sisi watu weusi ambalo makala ingeweza kulitaja badala ya kurudia jina la Shakespeare mara tisa. Ira Aldridge. Kazaliwa New York 1807, kaona Marekani hakuna njia ya mwigizaji mweusi, akavuka bahari akiwa kijana, na Oktoba 10, 1825 bango la ukumbi wa Royal Coburg kule London likamtangaza kama Bwana Keene, mwigizaji wa rangi kutoka ukumbi wa Waafrika wa New York, katika mchezo wa uasi wa watumwa wa Surinam. Keene, wakati nyota mkubwa wa mji ni Edmund Kean! Meneja aliyekubali hilo jina alijua vizuri jicho la mpita njia likiwa mbali linasoma nini. Baadaye mabango yakamwita Roscius wa Afrika, kwa jina la mwigizaji maarufu wa Roma ya kale, na yakasema ni mzaliwa wa Senegal, uongo mtupu ambao mwenyewe aliuacha uendelee maana ulijaza viti. Machi 25, 1833 Kean akazidiwa jukwaani Covent Garden akicheza Othello, na Aprili 10, ile ile Jumatano niliyoitaja juu, Aldridge akasimama kwenye ukumbi huo huo na kucheza Othello. Magazeti mengine ya London yalimshambulia kwa rangi yake bila aibu, akacheza siku mbili tu pale, akatolewa. Lakini akazunguka miji midogo ya Uingereza na Ireland miaka na miaka, kisha Ulaya, Urusi, mpaka akafia Łódź, Poland, mwaka 1867 na kaburi lake liko huko.

Hiyo miaka ya miji midogo tunaijuaje? Wakosoaji wa magazeti makubwa hawakumfuata kila kona. Sehemu kubwa tunaijua kwa mabango, kikaratasi cha mji huu, kikaratasi cha mji ule, tarehe, alicheza nani, kiingilio kiasi gani, jina lake limepangwa kwa herufi kubwa kiasi gani ukilinganisha na la mwenye ukumbi. Ni hivyo hivyo kwa Pablo Fanque, mtu mweusi wa Norwich aliyemiliki sarakasi yake mwenyewe, ambaye bango lake la Rochdale la Februari 14, 1843 John Lennon wa bendi ya Beatles alilinunua kwenye duka la vitu vya kale mwaka 1967 akatoa humo karibu maneno yote ya wimbo wa Being for the Benefit of Mr. Kite. Ulimwengu mzima ukaimba maneno ya mpanga herufi wa Rochdale bila kujua.

Australia nao, karatasi ya zamani kuliko zote iliyochapwa nchini mwao na ikapona hadi leo ni bango la mchezo wa kuigiza, Sydney, Julai 30, 1796, limechapwa na George Hughes kwa mashine iliyokuja na meli za kwanza za wafungwa. Lilikutwa limegandishwa kwenye albamu huko Kanada, na Kanada wakawapa Australia mwaka 2007. Kikaratasi cha mchezo, sio sheria wala hotuba ya gavana. Na Maktaba ya Uingereza wana mabango zaidi ya laki mbili, mwaka 2017 walifungua mradi wa kuwaomba watu wa kawaida wasaidie kunakili majina na tarehe kutoka kwenye picha zake kwa sababu kompyuta inashindwa kuzisoma herufi za namna tano kwenye ukurasa mmoja. Hapo nilifurahi sana, siwafichi.

Kwahiyo ombi langu ni hili Mhariri. Itoeni tena hiyo picha, nzima, kuanzia jina la ukumbi mpaka mstari wa mwisho, hata ikibidi iwe ndogo. Andikeni chini yake vipimo vya karatasi halisi, urefu na upana, maana gazetini msomaji hawezi kujua kama ni ya ukutani au ya mkononi. Na kama mtu wa leyauti bado anayo picha yenyewe kwenye mashine yake, naomba anitumie kile kipande alichokikata, namba yangu ya simu mnayo hapo ofisini, nataka kuona ni mchapaji gani na alikuwa mtaa upi, halafu nitawaambia bango ni la miaka ipi maana maelezo yenu yamesema "karne ya 19" basi, na karne ina miaka mia moja.

Wenu,
Mpanga herufi mstaafu,
Tanga